Nimemwonyesha msimamizi jibu moja, nikaficha manne

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni daktari wa tiba, umri miaka 34. Nimefanya kazi wodini miaka 7, mingi kati ya hiyo nikihudumia wagonjwa wa saratani, kabla ya kurudi darasani kusoma uzamili wa tiba ya molekuli. Kilichonirudisha ni uchovu wa kuandika dawa bila kuelewa zinakwenda kufanya nini ndani ya seli. Wagonjwa wawili, saratani ile ile, dozi ile ile: mmoja anarudi kazini kwake, mwingine harudi hata kliniki. Nilitaka kujua kwa nini.

Mihadhara ya muhula wa kwanza niliimudu. Shida ilianza tulipoingia maabarani. Wenzangu wengi ni vijana waliotoka moja kwa moja kwenye shahada za bayokemia na baiolojia, na mikono yao inaijua kazi. Mimi niliyezoea kuchoma sindano ya uti wa mgongo bila kutikisika, natetemeka nikivuta maikrolita 2 kwa pipeti. Kijana ninayekaa naye meza moja ananiita Daktari kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo inayoniziba mdomo. Utamwulizaje anayekuita Daktari namna ya kushika pipeti?

Utafiti wangu ni huu. Nakuza seli za saratani ya damu, nazipa dawa fulani, nasubiri saa 48, kisha napima kama jeni moja inayozisaidia kukwepa kifo imepunguza kazi. Natoa RNA, yaani nakala ambazo jeni hutoa ikifanya kazi, naigeuza kuwa DNA, naiingiza kwenye mashine ya PCR, ile inayonakili DNA mzunguko baada ya mzunguko na kupima kiasi.

Jaribio la kwanza lilitoka zuri mno. Programu ya mashine iliandika 0.25, yaani jeni imeshuka hadi robo. Kila sampuli niliiweka katika visima 3 (vile vishimo vya sahani ya mashine) na vyote vikakubaliana, kwa hiyo niliandika n = 3, yaani majaribio matatu. Nikamtumia msimamizi wangu mchoro usiku ule ule. Alijibu baada ya dakika chache: hongera sana, Daktari.

Tangu hapo nimerudia jaribio mara 4. Mara zote nne programu inaniandikia 1 au karibu na 1. Hakuna kilichoshuka. Na mara zote nne sijamwambia.

Nikupe namba, maana najua utaziuliza. Katika jaribio la kwanza, seli zisizopewa dawa: jeni yangu ilitokea mzunguko wa 24, jeni rejea, ile ya kulinganishia, mzunguko wa 18. Seli zilizopewa dawa: jeni yangu 24, jeni rejea 16. Katika marudio yote, jeni yangu 24 na jeni rejea 18, dawa iwepo isiwepo. Dawa natumia tyubu ile ile tangu siku ya kwanza. Naitoa kwenye friza, naiyeyusha, nairudisha.

Sasa msimamizi anataka tuandike ikisiri ya kongamano. Siku ya mwisho ni 19 kutoka leo, na jina langu ameliweka la kwanza. Kila asubuhi naenda maabarani nikisema leo jibu litarudi kuwa robo na jambo litaisha lenyewe. Halirudi.

Mwalimu, niseme? Nikisema sasa, baada ya wiki 6 za kunyamaza, si nitaonekana mwongo? Na nikuulize lile linalonikosesha usingizi zaidi: pengine mahali pangu ni wodini, na huku nimepotea njia?

Ni mimi,
Daktari Mgeni

*

Marahaba, Daktari mwanangu.

Sema. Sema wiki hii, kabla neno hata moja la ikisiri halijaandikwa. Hilo nimelitanguliza ili usilitafute huko chini. Sasa tukae na namba zako, kwa sababu nimezisoma mara tatu na nadhani kuna jambo hujaliona.

Kwenye mashine hiyo, kila mzunguko DNA huongezeka karibu maradufu. Jeni inayotokea mapema ilikuwa na nakala nyingi tangu mwanzo. Inayochelewa ilikuwa na chache. Tofauti ya mizunguko 2 ni tofauti ya mara 4. Programu yako ilichukua 24 ikatoa 18, ikapata 6. Ikachukua 24 ikatoa 16, ikapata 8. Nane kutoa sita ni mbili, na mbili ndiyo robo yako. Hesabu ni sahihi. Lakini rudi uzisome zile namba nne kama unavyosoma karatasi ya vipimo vya mgonjwa. Jeni yako ilikuwa 24, ikabaki 24. Haikusogea hata kidogo. Iliyosogea ni jeni rejea, ile ambayo kazi yake nzima ni kukaa tuli ili wengine wapimwe kwayo.

Ulifurahia 0.25 bila kutazama imetoka wapi. Sikulaumu sana, programu hizi zimeundwa ili mtu aone mchoro kabla hajaona namba ghafi, na mchoro unapendeza. Lakini wewe ni daktari. Mashine ya maabara ya hospitali ikikuletea potasiamu ya 8, kiwango cha kuua, kwa mgonjwa anayecheka kitandani, hukimbilii kumtibu. Kwanza unauliza kama damu ilivunjika ndani ya tyubu. Jicho hilo unalo. Umeliacha mlangoni pamoja na koti la wodini.

Basi fungua daftari lako la maabara, ukurasa wa siku ile, utafute kitu kimoja tu: uliweka RNA kiasi gani katika kila sampuli wakati wa kuigeuza kuwa DNA? Jibu linaweza kwenda njia mbili, na kila njia inakupeleka kwa mshukiwa tofauti.

Ikiwa kwa bahati mbaya sampuli ya dawa ilipata RNA mara 4 zaidi, basi jeni zote mbili zilipaswa kutangulia kwa mizunguko 2. Rejea ilitangulia, ikaja 16. Jeni yako ilipaswa kuja 22 lakini ikaja 24. Hapo kushuka kulikuwa kwa kweli, na swali linageuka: kwa nini kushuka huko hakukurudi tena? Mshukiwa wangu wa kwanza ni ile tyubu ya dawa. Siku ya kwanza ilikuwa mbichi. Tangu hapo umeiyeyusha na kuigandisha mara nne, na dawa nyingi hazivumilii mchezo huo. Nguvu inapungua kila safari. Dawa mpya ikifika, igawe siku hiyo hiyo katika vityubu vidogo vya kutumia mara moja na kutupa. Halafu, kila jaribio, weka jeni moja ambayo tayari inajulikana kwamba dawa hiyo huishusha au kuipandisha. Isipotikisika hiyo, dawa imekufa, na jibu lolote kuhusu jeni yako siku hiyo halina maana.

Ikiwa RNA ilikuwa sawa pande zote, basi robo yako haikuwahi kuwapo. Kuna lililotokea kwenye visima vya jeni rejea na hesabu ikalibeba hadi kwenye jeni yako. Marudio manne ndiyo yanayosema kweli.

Na ikiwa daftari halisemi chochote kuhusu kiasi cha RNA, jaribio lile huwezi kuliokoa. Lifungie.

Vyovyote iwavyo, ongeza jeni rejea ya pili. Watu wengi huanza na GAPDH kwa sababu kila friza inazo praima zake (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR), ila hiyo ni jeni ya kimeng'enya kinachovunja sukari, na seli iliyobanwa na dawa au kukosa oksijeni inaweza kuipandisha au kuishusha. Ukiwa na rejea mbili, moja ikisogea peke yake utaikamata.

Kuhusu n = 3, hapo nitakuwa mkali kidogo. Visima vitatu vilivyojazwa kutoka tyubu moja ya seli za siku moja si majaribio matatu. Ukimpima mgonjwa mmoja shinikizo la damu mara tatu asubuhi moja, utasema umepima wagonjwa watatu? Visima vile vinakuambia kama mkono wako ulikuwa thabiti, basi. Havikuambii seli za wiki ijayo zitafanya nini. Tangu ulipoanza umefanya majaribio 5, kwa hiyo n yako ni 5: moja inasema robo, nne zinasema hakuna. Usomapo hivyo, utafiti wako una jibu tayari, ila si lile mlilolipenda.

Kabla hujarudia mara ya sita, zipime seli zako mikoplazma. Maabara nyingi huchelewa kufanya hivyo hadi kitu kiharibike. Bakteria huyu hayatii ukungu maji ya kulishia seli, hadubini ya kawaida haimwoni, na huku anabadilisha jeni zinazofanya kazi ndani ya seli. Na zile dawa za kuzuia bakteria tunazochanganya kwenye maji ya seli, penisilini ikiwamo, mara nyingi hazimsumbui. Wenzako wa bayokemia watalazimika kusoma kwa nini. Wewe umeshawatibu watu nimonia ya mikoplazma na unajua: hana ukuta wa seli, na penisilini hushambulia ukuta.

Sasa turudi kwa msimamizi, maana ndiko tumbo lako linakouma.

Unaogopa kuonekana mwongo. Hadi leo umemwonyesha jaribio halisi ulilolifanya kweli, na ukachelewa kumletea mengine. Hilo ni kosa la mwanafunzi mwenye hofu, na wasimamizi wamelizoea kuliko unavyodhani. Ikisiri ikishatumwa ikiwa na robo peke yake, kosa hilo limekuwa kitu kingine. Kanuni za maadili ya utafiti huita kuacha data kwa makusudi ili matokeo yaonekane tofauti kuwa ni kughushi, sawa na kubadilisha namba. Mstari huo hujauvuka. Una siku 19 za kutouvuka, ila usizitumie zote.

Usimwandikie ujumbe wa simu. Omba nusu saa ya ana kwa ana, nenda na karatasi moja yenye jedwali la majaribio yote 5, tarehe, namba ghafi za mizunguko, kiasi cha RNA kama kipo, na hali ya dawa. Anza na jedwali, usianze na toba. Sema hivi, au karibu na hivi: "Profesa, jaribio la kwanza nimelirudia mara 4 na halijarudi. Nilipaswa kukuletea baada ya mara ya pili, nikaona aibu. Nimezipitia namba na nadhani tatizo liko kwenye jeni rejea au kwenye dawa. Hivi ndivyo ninavyopendekeza tuhakikishe." Kisha nyamaza, mwache asome. Atakasirika? Huenda, kwa dakika kumi. Msimamizi anachokiogopa kuliko jibu baya ni kusimama mbele ya watu na bango lake, mtu wa safu ya nyuma amwulize mmerudia mara ngapi, naye hajui.

Akisema tutume tu, tutarekebisha baadaye, hapo usikubali. Mwambie kwa adabu kwamba uko tayari ikisiri iende ikiwa na majaribio yote matano na ikiitwa matokeo ya awali, ama isubiri kongamano lijalo. Akikataa yote mawili, omba jina lako litolewe na umwone mratibu wa programu au msimamizi wako wa pili. Sidhani mtafika huko. Naliandika kwa sababu mtu akiwa na mlango wa dharura kichwani huongea kwa sauti iliyotulia zaidi.

Nikuambie na la kwangu, maana si haki wewe pekee uvuliwe nguo hapa. Nilipokuwa mwanafunzi nilifukuzia bendi moja, mstari wa DNA unaoonekana kwenye jeli, kwa wiki 6. Ilikuwa safi, mahali pale pale nilipoitarajia, na kila sampuli ilikuwa nayo. Sampuli ya maji matupu, ambayo haipaswi kutoa chochote, nilikuwa nimeacha kuiweka ili nipate nafasi ya kupakia sampuli zaidi. Siku aliponilazimisha fundi wa maabara kuiweka, maji nayo yalitoa bendi. Praima zangu zilikuwa zimechafuliwa. Nilikwenda kumwambia msimamizi huku nimeshaandaa maneno ya kuaga masomo. Akaniuliza tu: umeagiza praima nyingine?

Swali lako la mwisho, kama mahali pako ni wodini, sitalijibu kwa ndiyo au hapana. Mtu hafanyi uamuzi wa maisha akiwa amebeba siri tumboni. Siri huupa kila kitu rangi yake. Itoe kwanza. Lakini ngoja nikusimulie kisa kimoja, kwa kuwa kinagusa saratani ya damu, ambayo seli zake ndizo unazozikuza.

Mwaka 1960 watafiti wawili, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu. Ikapewa jina la mji wao, kromosomu ya Philadelphia. Ilidhaniwa kwamba kipande chake kimepotea. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba hakikupotea: kilikuwa kimetoka kromosomu ya 22 kikahamia ya 9. Baadaye ikathibitika kwamba kipande cha kromosomu ya 9 nacho kimehamia ya 22. Rowley alikuwa akikata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani kwake. Kutokana na kuhama huko tulikuja kuielewa protini inayoisukuma saratani hiyo, na mwaka 2001 imatinibu, dawa inayoizuia protini hiyo, ikaidhinishwa Marekani. Rowley hakuwa na uzamivu. Alikuwa daktari wa tiba, mama wa watoto wanne, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi ya muda usio kamili. Alichokuwa nacho ni uvumilivu wa kutazama upya kitu ambacho wenzake walidhani wamekwisha kukiona.

Sikuambii utakuwa Rowley. Wengi wetu tunakuwa watu wa kawaida wenye tasnifu za kawaida, na si vibaya. Ninachosema ni kwamba swali lililokutoa wodini, la wagonjwa wawili na dozi moja, vijana wa meza yako hawana, kwa sababu hawajawahi kumkosa mgonjwa kwenye orodha ya kliniki. Walicho nacho ni mikono, na mikono hufundishika.

Basi kesho mwambie huyo kijana: nifundishe pipeti. Jifunze kwa maji yenye rangi na mizani: maikrolita 100 za maji ni miligramu 100, kwa hiyo mizani itakuambia umekosea kiasi gani bila kukuonea haya. Ukishaiweza hiyo, shuka hadi 10. Na zile maikrolita 2 zinazokutetemesha, mara nyingi unaweza kuzikwepa kabisa: zimua DNA yako kwanza kisha vuta 5. Ujanja huo hakuna kitabu kilichonifundisha, alinifundisha fundi yule yule wa sampuli ya maji. Malipo ya kijana yawe haya: mweleze ripoti ya uboho inasomwaje, kwa sababu nina hakika seli anazozilisha kila siku hajawahi kuziona zikiwa ndani ya mtu.

Jambo dogo la mwisho kuhusu daftari. Kuanzia leo andika majaribio yaliyoharibika kwa urefu ule ule wa yaliyofaulu, siku hiyo hiyo, kwa kalamu. Faili la mgonjwa hulichani ukurasa kwa sababu homa ilipanda.

Jeni rejea ya pili ikishatoa namba zake, niletee nizione. Niandikie namba ghafi, mchoro usinitumie.

Mwalimu